Ijumaa za Bi Bado: Kumuaga Msomaji wa Urithi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maagano, pamoja na wafanyakazi wote wa hospitali, kuanzia ofisi ya mkurugenzi hadi lango la walinzi: nawasalimu kwa heshima na taadhima, nikitumaini kwamba salamu hizi zitawakuta mkiwa wazima wa afya, na wale wanaougua wakiwa wanaendelea kupata nafuu. Mimi sijambo, ila uzee tu.

Naomba radhi, tena kwa unyenyekevu, kwa kuuchelewesha wasifu huu. Mliniagiza niulete mapema ili mchapaji apate nafasi ya kuupanga vizuri katika kijitabu cha sherehe. Jicho langu la kulia lilikuwa limetolewa mtoto wa jicho, na daktari akanikataza kalamu. Na tangu marehemu mke wangu aliponitangulia, nyumbani kwangu hakuna mwingine anayeuweza mwandiko wangu hata niseme nimwagize anakili. Leo nimefunguliwa bandeji, nami nimeketi mezani hata kabla chai haijapoa. Nakiri kwamba nina hamu kubwa kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Mtanivumilia.

Mkuu wa Kitengo cha Usomaji wa Urithi, ambaye sisi sote tunamwita Bi Bado, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Nimemfahamu karibu muda huo wote. Mimi nilikuwa mtunzaji wa ghala la patholojia, ambamo vipande vidogo vinavyotolewa katika miili ya wagonjwa huhifadhiwa ndani ya nta. Mlango wangu na mlango wake ilitazamana. Mengi ninayoyaandika niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona nimesimuliwa na wahusika, na familia nitakayoitaja imeniruhusu, baada ya kusomewa kila aya.

Alianza kazi kama fundi wa maabara katika chumba cha damu, msichana mwembamba aliyevaa koti jeupe lililomzidi mabega. Akaenda kusoma, akarudi na shahada. Akaenda tena, akarudi na nyingine, na koti likawa limemkaa. Aliporudi mara ya mwisho aliomba chumba cha kuanzishia kitengo kipya, akapewa stoo ya zamani ya mashuka. Kwa miaka mingi majibu ya urithi wa saratani katika hospitali hii yalitoka yakinukia sabuni ya kufulia. Leo kitengo kina vyumba vinne na wataalamu aliowafundisha mwenyewe, lakini yeye hajakubali kuhama stoo yake.

Kwa faida ya wageni watakaokisoma kijitabu hiki, naomba nieleze kazi yake kwa ufupi, na wataalamu wanisamehe nikikosea. Ndani ya mwili wa kila mtu mna maelekezo marefu aliyorithi kwa baba na mama. Fungu moja la maelekezo hayo huitwa jeni. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kuulinda mwili dhidi ya saratani. Zikiharibika, ulinzi hupungua, na uharibifu huo mzazi anaweza kumrithisha mtoto. Mashine husoma maelekezo hayo na kutuonyesha mahali palipobadilika. Maana ya badiliko, mashine haiijui. Mabadiliko mengi ni kama kovu la utotoni: lipo, na halimsumbui mtu. Machache ni ya hatari kweli kweli. Na yapo ambayo mtaalamu mkweli, ukimbana, atakwambia hajui.

Mezani pake palikuwa na trei tatu: Salama, Hatari, na Bado. Trei ya tatu ndiyo iliyompa jina. Kila Ijumaa asubuhi, mvua inyeshe au jua liwake, kitengo kizima kilikusanyika kuyafungua upya majibu yaliyomo katika Bado, hata ya miaka kumi nyuma, kuona kama dunia imejifunza lolote jipya juu yake. Wageni waliona ni kupoteza wakati. Yeye alisema kwamba nyuma ya kila karatasi yupo mtu aliyelala na swali, na haifai kumwacha mtu alale na swali ambalo jibu lake limekwisha kupatikana.

Tabia ile haikuishia maabara. Mkurugenzi wa zamani alipomwita kumpa ukuu wa kitengo, akamuuliza kwa bashasha kama anakubali, alijibiwa, “Bado, Mheshimiwa.” Akachukua masharti ya kazi nyumbani, akayasoma yote, akarudi Ijumaa kusema ndiyo. Mumewe, fundi seremala, mtu wa utani mwingi, alitusimulia katika sherehe ya miaka ishirini na mitano kwamba hata yeye yalimkuta. “Nilichumbia mara moja,” alisema, “nikajibiwa kwa awamu.” Na yupo mtu mmoja, sasa ana cheo kikubwa hapa hospitalini kwa hiyo simtaji, aliyewahi kuweka parachichi lake ndani ya friji ya sampuli. Alilikuta katika trei ya Hatari, limebandikwa kibandiko rasmi: “Limesomwa. Linaweza kusababisha kufukuzwa kazi.”

Sasa naomba niingie katika jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandika.

Miaka sita iliyopita alikuja kwetu mwalimu wa chekechea, binti wa miaka thelathini na kidogo, mchangamfu, viganja vimejaa chaki za rangi. Mama yake mzazi alifariki kwa saratani ya ovari, hapa hapa hospitalini, binti akiwa bado shuleni. Mama yake mkubwa, mshonaji wa sare, aliugua saratani ya titi akiwa kijana, akapona. Mwalimu alikuwa amechumbiwa, na alitaka kujua amerithi nini kabla hajaolewa. Mashine ilisoma jeni zake zote zinazohusika na ikaonyesha badiliko moja tu. Lilikuwa geni. Likawekwa katika trei ya Bado.

Ikaulizwa: je, mama mkubwa naye analo? Akapimwa damu. Analo, lile lile. Hapo hoja ikawa nzito: aliyeugua analo, na mwalimu analo. Katika kikao wengi walielekea kulihamishia Hatari. Mwalimu mwenyewe hakuhitaji kushawishiwa. Aliomba aondolewe matiti na ovari, na daktari mpasuaji, bingwa tunayemheshimu sote, akampangia tarehe. Mchumba alikubali. Walikuwa wamekwisha kuchagua majina ya watoto. Wakakubaliana wasiyataje tena.

Bi Bado peke yake hakuinua mkono. Watu wawili, alisema, ni wachache mno. Alitaka kumpima na kaka wa akina mama hao, mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyekuwa mzima kama chuma.

“Bibi, wewe na bado zako!” alilalamika daktari mpasuaji pale ukumbini, mbele ya mlango wangu. “Ugonjwa hauna adabu ya kungoja kikao.”

“Najua, Daktari wangu. Lakini ukishakitoa kiungo, na mimi nikagundua tumekosea, utakirudisha?”

Daktari alicheka, akakuna kichwa, akasema atasubiri akiombwa na mgonjwa mwenyewe. Na mgonjwa hakutaka. Nilimsikia kwa masikio yangu: “Mama, mimi siwezi kungoja. Mama yangu alingoja.”

Bi Bado alimshika mkono. “Sikuombi ungoje milele, mwanangu. Niazime wiki chache tu. Nikikosa cha kukuambia, nitakusindikiza mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.”

Akaazimwa. Mjomba akaja, fundi saa mstaafu, suruali imenyooshwa mpaka inaweza kukata mkate, akiwa amefuatana na dada yake mshonaji, ambaye aliombwa damu kwa mara ya pili kwa ajili ya uhakika. Muuguzi akamkalisha dada kwanza. Sindano ilipoingia, mjomba akaegemea ukuta akaanza uchokozi.

“Wewe binti, polepole! Damu hiyo ni yangu, usiimwage ovyo.”

“Mzee huyu hana haya,” dada akamjibu. “Alinipa mara moja, ananidai mpaka kaburini.”

“Na ndiyo maana siku hizi umekuwa mbishi. Zamani ulikuwa mpole. Ni damu ya kiume hiyo!”

Muuguzi akacheka. Mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na chupa yangu ya chai, nikacheka. Bi Bado hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasogeza kiti, akauliza kwa sauti ya chini sana, “Kaka, hiyo damu ulimpaje?”

Ndipo tukasikia. Miaka mingi baada ya kupona titi, damu ya mshonaji iliharibika, akatibiwa katika hospitali nyingine ya mbali. Alipewa uboho wa kaka yake, ule utomvu wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Akapona, na tangu siku ile mifupa yake inatengeneza damu ya kaka. Hawakuwa wametuficha. Sisi tuliwauliza magonjwa ya ukoo, nao kwao hilo halikuwa ugonjwa. Lilikuwa furaha iliyokwisha kuwa utani wa nyumbani. Walitutajia yaliyowaliza, hawakututajia yaliyowachekesha. Na mashine yetu ya siku zile ilisoma jeni tulizoiomba tu. Haikuwa na desturi ya kutuambia kwamba damu ya mama huyu ni ya mwanamume.

Ndugu zangu, mnaona? Tulipompima dada, tulimpima kaka! Lile badiliko tulilodhani limeonekana katika mwili uliougua saratani, lilikuwa limetoka kwa mzee mzima asiyewahi hata kulazwa. Hoja yetu nzito ilikuwa imesimama juu ya hewa. Juu ya mwili wa mshonaji mwenyewe hatukuwa tunajua chochote.

“Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza,” Bi Bado alisema, akajipiga paji la uso kwa kiganja. Kisha akaanza kutembea chumbani huku na huku kama mtu aliyesikia ngoma mbali. Akaeleza kwamba ngozi ni ya mtu mwenyewe, haibadiliki kwa kupewa uboho. Siku ile ile kikachukuliwa kipande kidogo cha ngozi ya mkono wa mshonaji, kikapelekwa kuoteshwa maabara. Kisha akavuka ukumbi akaja kwangu.

Alitaka nta ya marehemu mama wa mwalimu, na ndani yake sehemu isiyokuwa na uvimbe, kwa sababu uvimbe una vurugu zake wenyewe. Naomba radhi kujitaja, lakini ilikuwa zamu ya ghala langu. Vipande vya miaka ile vilikuwa rafu za juu kabisa, nyuma ya bomba la maji lililokuwa likivuja. Nilipanda ngazi na koti langu la kazi, yeye akaishika ngazi kwa chini akiimba wimbo wa kanisani kwa furaha isiyolingana na maneno ya wimbo. Nikalishusha boksi, nikafuta vumbi, tukakipata: kipande cheupe kikubwa kama ukucha wa dole gumba, kizima kama siku kilipoingia. Sikumbuki kuwahi kufurahi hivyo kazini.

Halafu tukangoja ngozi iote. Yeye alilipitia kabati la kuoteshea kila saa kama mama mwenye chungu jikoni. Daktari mpasuaji, ambaye sasa alikuwa ameshikwa na hamu kuliko sisi sote, alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, “Bado?” na kuitikiwa, “Bado!” mpaka wagonjwa wa nje wakadhani ndiyo salamu yetu.

Majibu yalitoka asubuhi. Nilisikia kigelegele. Naapa nilidhani kuna bibi harusi ameletwa wodini. Mlinzi wa zamu alikuja mbio na kirungu chake. Ni Bi Bado, mkuu wa kitengo, mtu aliyekuwa akitukataza kupiga miluzi ukumbini, amesimama nje ya stoo ya mashuka miguu mitupu, viatu amevisahau chini ya meza, anapiga kigelegele.

Ngozi ya mshonaji haikuwa na lile badiliko geni. Ilikuwa na jingine, katika jeni tofauti kabisa, badiliko ambalo wataalamu wamekwisha kulijua siku nyingi na hakuna anayelibishania: la hatari. Nta ya marehemu ilikuwa na yote mawili. Picha ikakamilika. Lile la hatari ndilo lililowafanya dada wawili waugue. Lile geni lilikuwa limepanda tu gari moja nalo kama abiria, likaonekana kwa marehemu, kwa mjomba na kwa mwalimu. Na mwalimu? Jeni ile ya hatari ilikuwa imesomwa kwake tangu siku ya kwanza, herufi kwa herufi. Ilikuwa safi. Mama yake hakumrithisha.

Upasuaji ukafutwa na aliyeupanga. Daktari mpasuaji alikwenda mwenyewe kumwambia, na wanasema alilia kabla ya mgonjwa. Mwalimu hakuambiwa kwamba hataugua kamwe. Aliambiwa ukweli, kwamba hatari yake sasa ni kama ya mwanamke mwingine yeyote, na achunguzwe kama mwingine yeyote. Aliuliza swali moja tu: “Kwa hiyo yale majina tunaweza kuyarudisha?” Yote mawili yamekwisha kupata wenyewe, na wa pili alianza kutembea mwezi uliopita.

Ningependa kusema furaha iliishia hapo, lakini Bi Bado hakuiruhusu iishie. Jibu lililomfungua mwalimu lilikuwa na mlango wa pili. Mshonaji ana binti, na binti wa mwenye badiliko la hatari ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nalo. Kwa idhini ya mama, Bi Bado alikwenda mwenyewe kumtafuta, asitume mtu wala simu. Alimkuta uwanjani nyuma ya tanuri, maana binti huyo ni dereva wa gari la mikate, akipakia kreti.

“Mama, sema moja kwa moja,” dereva alimwambia, “mikate inapoa.”

Akasema moja kwa moja. Dereva akaweka kreti chini.

“Ehe. Yaani mdogo wangu kachomoka, bahati nasibu nimeshinda mimi?”

“Bado hatujui kama umeshinda. Njoo upimwe.”

“Na nisipokuja?”

“Nitanunua mkate hapa kila siku, mwanangu, na kila siku nitakuuliza.”

Alinunua mikate zaidi ya mwezi. Sisi ukumbini tulikula mikate mpaka tukachoka. Mwishowe dereva alikuja, akisema anamwonea huruma mama wa watu kwa gharama. Alikuwa nalo. Akapelekwa kwenye picha za matiti papo hapo, na picha zikaonyesha kitu kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho mkono usingeweza kukihisi. Kiliondolewa na yule yule daktari mpasuaji, safari hii bila mtu kumwambia asubiri. Daktari anasema kingepata mwaka mmoja zaidi, maneno yangekuwa mengine. Dereva ni mzima. Nimemwona wiki hii akigombana na askari wa barabarani, na kwa kweli alikuwa akishinda.

Hayo ndiyo mafanikio ninayoyajua kwa karibu. Mengine mtayakuta katika taarifa za kitengo: wanafunzi waliohitimu mikononi mwake, hospitali ambazo sasa hubadilishana nasi habari za mabadiliko mageni, na swali ambalo kila anayekuja kupimwa urithi huulizwa kabla hajakunja mkono wa shati, kama amewahi kupewa uboho au damu ya mtu mwingine. Lile badiliko geni la mwalimu lilikaa katika trei miaka kadhaa zaidi, likifunguliwa kila Ijumaa, mpaka familia za kutosha zilipopatikana katika nchi mbalimbali zikiwa nalo bila madhara. Mwezi wa pili mwaka huu Bi Bado alilihamishia Salama kwa mkono wake mwenyewe. Wenzake walipiga makofi. Yeye akavuta karatasi iliyofuata.

Amesema akistaafu atajifunza kuogelea, jambo ambalo mumewe amelipokea kwa kununua kiti cha kukalia ukingoni.

Dada yetu mpendwa, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, wa sasa na sisi tuliokwisha kutoka, tunakushukuru kwa kutuvumilia tulipokuwa na haraka. Tunakuombea siku ndefu, zenye afya na kicheko, maji yasiyo na kina kirefu, na Ijumaa ambazo utaamka upendavyo. Kama nimesahau jema lolote ulilotenda, na bila shaka nimesahau mengi, nisamehe. Jicho ni jipya, lakini kichwa ni kile kile.

Barua hii, Mheshimiwa Mwenyekiti, itachukuliwa na dereva wa gari la mikate. Nilitaka kuitia posta, akanikatalia katakata. Anasema ataikabidhi mkononi mwako kesho asubuhi, na siku ya sherehe atakaa mstari wa mbele na sare yake ya kazi. Tafadhali waambieni walinzi wasimcheleweshe langoni. Ana maduka mengi ya kuyafikia, kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao.